Mwamba Unaotiririka Chini ya Afrika Mashariki

Treni ya Mombasa kwenda Nairobi huanza safari karibu na usawa wa bahari na huimaliza ikiwa imepanda zaidi ya mita 1,500. Njiani haivuki safu yoyote ya milima mikubwa. Ni nchi yenyewe inayoinuka, kidogo kidogo, kutoka minazi ya pwani hadi nyika ya Taru, Voi na Mtito Andei, mpaka abiria anateremka mahali ambapo jioni hutakiwa sweta. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hukuta jambo lile lile: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na ziwa hilo halikulala kileleni mwa mlima bali katikati ya uwanda mpana. Chai ya Kericho na ya Mufindi, ubaridi wa Nairobi, mapafu ya wakimbiaji wa Iten wanaofanya mazoezi kwenye mita 2,400, vyote hivyo vinatokana na kuinuka kwa nchi.

Kwa nini imeinuka? Mtaalamu wa miamba halijibu swali hilo haraka. Milima ya Himalaya imeinuka kwa sababu India iligongana na Asia, na ganda la dunia likakunjamana na kuwa nene. Andes inainuka kwa sababu sakafu ya Pasifiki inazama chini ya Amerika Kusini. Afrika Mashariki haikugongana na bara lolote katika zama hizi. Kinyume chake, inachanika: Bonde la Ufa linaipasua kutoka Ethiopia hadi Msumbiji. Na ganda la dunia chini ya Tanzania lina unene wa kilomita 40 hivi, kiasi cha kawaida kwa bara lolote. Kinachoushikilia uwanda huu juu hakimo ndani ya ganda. Kiko chini zaidi.

Mwaka 1994 wanajiofizikia Andrew Nyblade na Scott Robinson walionyesha kwamba jambo lenyewe ni pana kuliko Afrika Mashariki. Uwanda huu, uwanda wa juu wa kusini mwa Afrika, na sehemu ya sakafu ya Bahari ya Atlantiki iliyopakana nao, zote ziko juu kuliko inavyotarajiwa, na zinaungana kuwa uvimbe mmoja wenye maelfu ya kilomita. Uvimbe wa ukubwa huo hauwezi kuwa na chanzo cha juu juu.

Chini ya ganda ndipo linapoanza koti la dunia, tabaka nene la miamba linaloshuka hadi kina cha karibu kilomita 2,890, mpakani mwa kiini cha chuma. Tabaka hili peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wa dunia. Michoro ya vitabuni, yenye rangi nyekundu na chungwa, imewafanya wengi waamini kwamba huko chini kuna bahari ya moto wa majimaji. Sivyo. Koti ni mwamba mgumu. Lakini ni mwamba wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300 za sentigredi, na katika joto kama hilo fuwele za madini hulegea: atomu huhama nafasi zake, kasoro zilizomo ndani ya fuwele husogea, na mwamba unaosukumwa kwa muda mrefu hubadilika umbo bila kuvunjika. Wenye joto zaidi hutanuka, huwa mwepesi, hupanda. Uliopoa huwa mzito, huzama. Mwendo huo ni wa sentimita chache tu kwa mwaka, lakini sentimita 5 kwa mwaka ni kilomita 50 katika kila miaka milioni moja, na dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5.

Mmoja wa watu wa kwanza kulitetea wazo la mtiririko huu aliwahi kufanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki. Arthur Holmes, Mwingereza kijana, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, na malaria ikamshika vibaya. Alipona, akarudi kwao, akawa bingwa wa kupima umri wa miamba. Wakati huo Alfred Wegener wa Ujerumani alikuwa ametangaza, mwaka 1912, kwamba mabara yanahama, na alichekwa kwa sababu hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma. Holmes aliipata. Katika mhadhara wake wa mwaka 1928 mjini Glasgow, uliochapishwa mwaka 1931, alisema joto linalotolewa na madini ya mionzi ndani ya dunia huendesha mikondo mizito ya mwamba, na mikondo hiyo ndiyo inayobeba mabara. Wengi hawakukubali. Hoja yake ilikuwa nzuri, lakini nani angeshuka kwenda kuangalia?

Hata leo hakuna awezaye. Shimo refu kuliko yote lililochimbwa na binadamu, lile la rasi ya Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, joto likafikia nyuzi 180, na kazi ikashindikana. Hapo wachimbaji walikuwa bado ndani ya ganda, hawajagusa koti.

Kilichobaki ni mawimbi.

Tarehe 17 Aprili 1889, mjini Potsdam, Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa akipima misogeo midogo sana ya ardhi kwa timazi nyepesi, kazi iliyohusu nyota zaidi kuliko matetemeko. Timazi ikayumba bila sababu iliyojulikana. Baadaye alisoma habari za tetemeko lililoipiga Japani siku hiyo hiyo, akalinganisha saa, akatambua kwamba mtikisiko ule ulikuwa umepita ndani ya dunia mpaka ukamfikia Ujerumani. Toka siku hiyo kila tetemeko kubwa, likipiga popote, limekuwa taa inayowashwa ndani ya sayari kwa dakika chache.

Tetemeko hutuma mawimbi ya namna mbili kupitia kilindini. Ya kwanza kufika huitwa P: husukuma na kuvuta mwamba katika njia ile ile yanayokwenda. Nyuma yake huja ya S, yanayoutikisa mwamba kwa upande. Chini kidogo ya ganda P huenda karibu kilomita 8 kwa sekunde, na karibu na kiini hukaribia kilomita 14. Huweza kutoka upande mmoja wa dunia hadi wa pili kwa takriban dakika 20. Ya S ni ya polepole zaidi na yana udhaifu mmoja ambao umekuwa neema kwa sayansi: hayapiti ndani ya kimiminika, kwa kuwa kimiminika hakiwezi kurudisha umbo lake kikitikiswa upande. Yanapita katika koti zima, na ndiyo maana tunajua koti ni gumu. Yanakwama kwenye kiini cha nje, na ndiyo maana tunajua kiini hicho kimeyeyuka.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwamba wenye joto ni laini zaidi, na mawimbi hupungua kasi ndani yake. Mwamba baridi ni mgumu zaidi, na mawimbi huharakisha. Katika sehemu ya juu ya koti, ongezeko la nyuzi 100 za joto linaweza kupunguza kasi ya S kwa takriban asilimia 1. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini saa za sasa hupima sehemu za elfu za sekunde. Wanasayansi wana jedwali la wastani wa dunia, maarufu kati yao likiwa lile la Adam Dziewonski na Don Anderson la mwaka 1981, linaloonyesha wimbi linapaswa kufika lini kutoka umbali gani. Wimbi likichelewa sekunde mbili, kuna mahali limepita kwenye joto.

Wapi? Wimbi moja haliwezi kusema. Linasema tu kwamba mahali fulani katika safari ya maelfu ya kilomita lilicheleweshwa. Lakini likija la pili kwa njia inayokatiza ile ya kwanza, na la tatu, na la elfu kumi, kutoka Japani, Chile, Indonesia na visiwa vya Pasifiki, maeneo yanayochelewesha huanza kujitenga na yasiyochelewesha. Hesabu zake zina undugu na zile za mashine za CT scan za hospitalini, na kazi yenyewe huitwa tomografia. Keiiti Aki aliianza katika miaka ya 1970 kwa eneo dogo la California. Dziewonski, pale Harvard, akaipanua mpaka ikafunika dunia nzima.

Ramani hizo zilitatua ubishi mmoja mkubwa. Kwa miaka mingi wataalamu waligawanyika: je, koti linachanganyika lote, au kuna mpaka kwenye kina cha kilomita 660 ambao mtiririko hauvuki? Mwaka 1997 timu za Rob van der Hilst na Stephen Grand zilionyesha vipande virefu vya mwamba baridi, mabaki ya sakafu za bahari zilizozama zamani chini ya Amerika na kusini mwa Asia, vikiwa vimeshuka mbali kupita mpaka huo. Kinachozama kinazama sana. Na kama kuna kinachozama hivyo, lazima kuwe na kinachopanda.

Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa katika sehemu ya chini kabisa ya ramani. Palikuwa na maeneo mawili makubwa mno ya mawimbi ya polepole, yamekaa juu ya kiini katika pande mbili za dunia zinazokabiliana. Moja liko chini ya Pasifiki. La pili liko chini ya Afrika.

Lile la Afrika linasimama zaidi ya kilomita 1,000 juu ya kiini, na ndani yake mawimbi ya S hupungua kwa karibu asilimia 3. Mwaka 2002 Sidao Ni na wenzake walionyesha kwamba kuta zake ni za ghafla: wimbi likipita upande mmoja linawahi, likipita kando kidogo tu linachelewa. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Jeroen Ritsema na wenzake walikuwa wameeleza jambo linalohusu moja kwa moja watu wa Bonde la Ufa. Eneo hilo halijasimama wima. Shina lake liko chini ya kusini mwa Afrika, na kadiri linavyopanda linainama kuelekea kaskazini-mashariki, mpaka linaukaribia uso wa dunia chini ya Afrika Mashariki. Ina maana kwamba joto la chini ya volkano za Kilimanjaro na Menengai halikuanzia chini yake. Limekuja kwa mshazari, likitokea kusini-magharibi.

Hapo ramani za dunia nzima zilifikia mwisho wa uwezo wake. Kuona mambo yenye upana wa kilomita mia moja au mia mbili kunahitaji vituo vya kupimia mitetemo vilivyo karibu karibu, na Afrika ilikuwa na vituo vichache kuliko bara lolote linalokaliwa na watu wengi. Pengo hilo halikuwa la asili. Lilitokana na mahali fedha na vyuo vilipokuwa. Mwaka 1994 hadi 1995 Nyblade, Thomas Owens na wenzao walipanga vituo 20 vya muda katika mistari miwili iliyoikata Tanzania. Sismomita, yaani kifaa cha kupima mitetemo, huzikwa shimoni, mbali na barabara, maana lori linalopita ni mtetemo pia, na hata mawimbi ya bahari yanayopiga pwani husikika bara kama mngurumo usiokoma wa kila sekunde chache. Kisha mtu husubiri dunia itetemeke kwingineko.

Matokeo yalionyesha kwamba katikati ya Tanzania, kutoka maeneo ya Dodoma hadi Ziwa Victoria, kuna mwamba baridi na imara unaoshuka angalau kilomita 200. Huu ni mzizi wa kratoni ya Tanzania, kipande cha bara chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kile kile ambacho miamba yake ya kale ina dhahabu ya Geita. Almasi za Mwadui, mahali John Williamson alipozigundua mwaka 1940, zilishasema hivyo kwa lugha yao: almasi huzaliwa kwenye kina cha kilomita 150 hivi na huhitaji koti lenye ubaridi wa kiasi. Pande zote mbili za kratoni mawimbi yalichelewa. Huko ndiko yaliko matawi mawili ya Bonde la Ufa, moja likipita Natron, Naivasha na Turkana, jingine likipita Tanganyika, Kivu na Albert. Ukitazama ramani ya Afrika Mashariki na kujiuliza kwa nini ufa umegawanyika na kulizunguka Ziwa Victoria, jibu ni mzizi huo. Ufa haukuweza kuupasua, ukapita kando.

Nao mzizi haukusalimika kabisa. Labait, volkano ndogo ya kaskazini mwa Tanzania, ilirusha juu vipande vya koti vilivyotoka kina cha takriban kilomita 150, na vile vya chini kabisa vina alama za kupashwa moto. Joto linautafuna mzizi kutoka chini.

Swali lililofuata lilikuwa la kina. Je, joto lililo chini ya ufa ni la juu tu, au limeungana kweli na lile kubwa la kusini? Kipimo kizuri kipo, na kimetengenezwa na maumbile. Kwenye kina cha kilomita 410, mgandamizo huyafanya madini ya koti yajipange upya na kuwa mazito zaidi. Kwenye 660 hujipanga tena. Mipaka hiyo miwili huakisi na kubadilisha mawimbi, kwa hiyo hupimika. Palipo na joto zaidi, wa juu hushuka na wa chini hupanda, na nafasi kati yao, ambayo kawaida ni kilomita 250, hupungua. Mwaka 2013 Gabriel Mulibo, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Nyblade, walitumia kumbukumbu za vituo vya Tanzania na nchi jirani na kukuta nafasi hiyo imepungua kwa makumi ya kilomita chini ya eneo pana. Joto la ziada limo humo ndani, kilomita mia nne hadi mia saba chini ya miguu ya watu, na hoja ya mkondo unaounganika hadi kilindi ikapata nguvu kubwa.

Lakini kujua mahali palipo na joto hakutoshi kuonyesha mwamba unaelekea wapi. Kuna njia nyingine ya kuuliza hilo, na kwa wengi ndiyo nzuri kuliko zote.

Koti la juu limejaa madini ya kijani yanayoitwa olivini. Fuwele yake haina usawa: wimbi la P huenda karibu kilomita 9.9 kwa sekunde likifuata mhimili mmoja, na karibu 7.7 likifuata mwingine. Fuwele zikiwa zimetawanyika ovyo, tofauti hizo hufutana. Mwamba ukitiririka kwa mamilioni ya miaka, fuwele hugeuka na kulala upande mmoja, mhimili wa haraka ukielekea kule mwamba unakokwenda. Koti linapata nyuzi, kama ubao wa mvule, na fundi seremala anajua kwamba randa ikifuata nyuzi huteleza, ikizikata huzuiwa. Mwaka 1964 Harry Hess alitazama vipimo vya Pasifiki na kuona kwamba mawimbi yanayopita chini ya sakafu ya bahari yalikuwa ya kasi zaidi katika mwelekeo ambao sakafu hiyo ilikuwa imetanuka. Huo ulikuwa ushahidi wa mwendo, ulioandikwa ndani ya mwamba na kuhifadhiwa.

Kwa mabara hutumika ujanja mwingine, unaotegemea ule udhaifu wa mawimbi ya S. Tetemeko likitokea mbali, tuseme Amerika Kusini, wimbi la S hushuka hadi kwenye kiini. Haliwezi kuingia kwenye kimiminika, hivyo hugeuka kuwa P, likavuka kiini, na likitoka upande wa pili sehemu yake hugeuka kuwa S tena na kupanda kuelekea, kwa mfano, kituo cha Kilimambogo nchini Kenya au cha Mbarara nchini Uganda. Kule kugeuka ndani ya kiini kumefuta yote ambayo wimbi lilijifunza upande wa kwanza. Linaanza safari yake ya kupanda likitikisika katika mwelekeo mmoja unaojulikana. Likikuta koti lenye nyuzi, linagawanyika mara mbili: sehemu moja inatikisika sambamba na nyuzi na kutangulia, nyingine inatikisika kwa kuzikata na kuchelewa. Kituoni yanafika mawimbi mawili yaliyopishana kwa karibu sekunde moja. Mwelekeo wa lile lililotangulia ni mwelekeo wa nyuzi, na ukubwa wa pengo unaeleza tabaka la nyuzi hizo ni nene au imara kiasi gani.

Fikiria ni nini kimepatikana hapo. Kishindo cha upande mwingine wa dunia, kilichopita ndani ya chuma kilichoyeyuka, kinafika Kenya na kueleza upande ambao mwamba wa chini ya Kenya umekuwa ukienda kwa mamilioni ya miaka.

Brian Bagley na Nyblade walikusanya vipimo vya namna hii kutoka eneo lote la Afrika Mashariki na kuvitoa mwaka 2013. Sehemu kubwa ya nyuzi imeelekea kaskazini-mashariki. Karibu na kratoni ya Tanzania mielekeo inapinda, dalili ya kwamba mwamba unaotiririka unakutana na ule mzizi na kulazimika kuuzunguka. Kama kila volkano ingekuwa na mkondo wake unaopanda wima na kusambaa pande zote, nyuzi zingetawanyika kutoka katika kila kitovu. Haziko hivyo. Zinaonyesha mtiririko mmoja mpana kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, jambo linalokubaliana na ule mshazari wa ramani za Ritsema.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Nchini Ethiopia, Michael Kendall na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba mgawanyiko mkubwa wa mawimbi ndani ya ufa unaweza kusababishwa na mifuko myembamba ya mwamba ulioyeyuka, iliyojipanga wima kufuata ufa, bila kuhitaji fuwele zilizogeuzwa na mtiririko. Mfuko wa namna hiyo nao huchelewesha wimbi linaloukata. Palipo na lava nyingi, basi, si kila nyuzi ni ya mtiririko. Wengine wanasoma kemia ya lava na kuona vyanzo zaidi ya kimoja, cha Ethiopia, ambako miaka milioni 30 hivi iliyopita lava ilifunika nyanda za juu, na kingine cha Kenya. Mwaka 2021 timu ya Maria Tsekhmistrenko na Karin Sigloch, ikitumia vifaa 57 vilivyokuwa vimeshushwa kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi kuzunguka kisiwa cha Réunion mwaka 2012 na 2013, ilipendekeza kwamba Afrika na bahari hiyo zina shina moja chini, lenye matawi kadhaa yanayopanda juu. Huenda pande zote mbili za ubishi zimeshika sehemu ya ukweli.

Ubishi mwingine ni juu ya uzito. Tomografia hupima kasi, haipimi uzito, na eneo la polepole linaweza kuwa jepesi kwa joto au zito kwa kemia yake. Mwaka 2017 Harriet Lau na wenzake walitumia kupwa na kujaa, si kwa bahari bali kwa ardhi: mwezi na jua huivuta nchi kavu ikapanda na kushuka kwa makumi ya sentimita kila siku, na vifaa vya GPS huona hilo. Namna inavyopanda na kushuka hutegemea uzito uliomo ndani. Jibu lao lilikuwa kwamba sehemu za chini za maeneo haya mawili makubwa ni nzito kidogo kuliko mwamba unaozizunguka. Kwa hiyo lile la Afrika huenda si mkondo unaopaa wote kwa pamoja. Huenda chini ni rundo zito lililotulia juu ya kiini, na kinachotiririka kwenda juu ni kile kinachopashwa moto kwenye kingo na mgongo wake.

Upo pia ushahidi usiotumia mawimbi. Katika miamba ya volkano ya Rungwe, karibu na Mbeya, David Hilton na wenzake walipima gesi ya heliamu na kutangaza mwaka 2011 kwamba ina kiwango kikubwa cha aina nyepesi ya gesi hiyo, ile iliyonaswa wakati dunia ilipokuwa ikiundwa. Aina hiyo haipatikani kwa kiwango hicho katika koti la juu la kawaida. Imetoka kilindini, na imetoka kusini mwa Tanzania, palepale ambapo mshazari ungepaswa kupita.

Na mwaka 2023 Tahiry Rajaonarison, mwanasayansi kutoka Madagaska, pamoja na Sarah Stamps na wenzao, waliunganisha haya yote ndani ya kompyuta. Waliigiza bara lenye ufa mara mbili, mara moja mtiririko wa kilindi ukiwepo na mara moja usipokuwepo. Uzito wa nyanda za juu zenyewe, unaotaka kutawanyika pembeni, ulitosha kueleza kwa nini ufa unatanuka mashariki na magharibi. Lakini vipimo vya GPS huonyesha pia baadhi ya sehemu zikisogea kaskazini, sambamba na ufa, jambo lisilotarajiwa. Mwendo huo, pamoja na nyuzi za olivini, ulipatikana tu pale mtiririko wa kuelekea kaskazini kutoka kwenye lile joto kubwa ulipoingizwa kwenye hesabu.

Kazi sasa imehamia kusini, ambako ufa bado ni mchanga. Baada ya mfululizo wa matetemeko kutikisa Karonga, Malawi, Desemba 2009, watafiti wa Marekani, Malawi na Tanzania walipanga vituo kuzunguka Ziwa Nyasa, vingine vikashushwa mpaka sakafuni mwa ziwa. Waliona mawimbi yakichelewa sana chini ya Rungwe. Kutoka hapo kwenda kusini, dalili za joto zinafifia. Mradi mwingine, ulioongozwa na Stephen Gao na Kelly Liu, ulitandaza vituo 50 kuanzia mwaka 2012 kutoka Botswana hadi Zambia, Malawi na Msumbiji. Chini ya Okavango, ambako nchi imeanza kupasuka bila volkano hata moja, ile nafasi kati ya kilomita 410 na 660 ilikutwa na unene wa kawaida. Hakuna mkondo wa joto unaopita pale. Ufa wa Okavango unaonekana kufunguka kwa sababu vipande vya bara pande zake mbili vinasogea kwa mwendo usiolingana, na unafuata mishono ya kale iliyokuwa dhaifu tangu zamani. Ndiyo maana vituo vinahitajika zaidi mashariki mwa Kongo, Zambia na kaskazini mwa Msumbiji, mahali ambapo joto kutoka chini linaishia na mpasuko unaendelea bila joto hilo.